Kisu, Beringi na Kutu: Ufundi wa Mashine za Nyasi Ulivyohamia Uani

Injini ya trekta dogo la bustani lililoundwa Marekani katika miaka ya 1960 haifi kirahisi. Ikichoka hubadilishiwa pete za pistoni, plagi na kabureta, ikarudi kunguruma. Kinachotangulia kwenda ni kitu kilichoning'inia chini ya tumbo la mashine, ambacho mtu hakioni mpaka apige magoti: kava la visu. Ni sahani pana ya chuma iliyopinduliwa, ndani yake huzunguka visu viwili au vitatu, na juu yake hupita mkanda mmoja mrefu unaovizungusha vyote. Mawe hugonga hapo, nyasi mbichi huganda hapo, na maji hukaa hapo. Mtu anayesema anafufua mashine ya umri wa miaka 50, mara nyingi kazi yake kubwa ni kava.

Kazi hiyo siku hizi hufanywa zaidi na wenye mashine wenyewe, katika gereji za nyumbani, kwa spana, nyundo, grenda na mashine ndogo ya kuchomelea. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa takriban miaka 100 ya kwanza mashine ya nyasi ilikuwa chombo cha kiwandani, na mwenye nacho aliogopa kukifungua. Kilichogeuza mambo ni kisu.

Habari inaanzia bonde la Stroud, Gloucestershire, Uingereza, ambako maji ya mito midogo yaliendesha viwanda vya vitambaa vya sufu. Kitambaa kikishafumwa kilitoka na manyoya yaliyosimama, na ilibidi yanyolewe yalingane. Kazi hiyo ilifanywa na mtambo wenye silinda ya visu vilivyojipinda, ikizunguka juu ya kisu kimoja kilichotulia. Edwin Beard Budding, fundi mitambo wa eneo hilo, aliona kwamba kinachonyoa sufu kinaweza kunyoa nyasi. Hataza yake ilitolewa tarehe 31 Agosti 1830. Gharama zilibebwa na mshirika wake John Ferrabee, mwenye kiwanda cha chuma cha Phoenix katika kijiji cha Thrupp, naye akapata haki ya kuitengeneza na kuiuza.

Mashine ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 19, kama sentimita 48, na ilikuwa chuma kitupu. Uzito wake ulifanya iwekewe mpini wa pili mbele, ili mtu mmoja asukume na mwingine avute. Miongoni mwa wateja wa mwanzo walikuwa bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London na vyuo vya Oxford. Kufikia 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilikuwa imepata kibali cha kuitengeneza pia. Budding alifariki mwaka 1846 bila kuona utajiri mkubwa. Anatajwa pia kwa kubuni spana ya kurekebishika, ya jamii ile ambayo mafundi wa mitaani huiita spana malaya. Hivyo mtu mmoja ameacha jina katika mashine na katika kifaa cha kuifungulia.

Kabla yake, viwanja vya matajiri vilikatwa kwa miundu mirefu ya mikono miwili. Wakataji walianza alfajiri, umande ukiwa bado, kwa sababu jani lenye maji hukatika vizuri kuliko jani kavu. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake la kunolea kiunoni. Kisu kikipoteza makali, alisimama, akakinoa, akaendelea. Ukataji na utengenezaji wa kifaa vilikuwa katika mkono mmoja.

Mashine ya silinda ilivitenganisha. Visu vyake hukata kwa kukutana na kile kisu cha chini, na nafasi kati yao haitakiwi kuzidi unene wa karatasi, tena kutoka ncha hadi ncha. Mafundi hata leo huipima kwa kupitisha kipande cha gazeti na kuizungusha silinda kwa mkono. Karatasi ikikatika upande mmoja na kujikunja upande wa pili, kazi haijaisha. Ili makali yalingane, silinda huzungushwa kinyume huku imepakwa unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta, visu vikasagana vyenyewe mpaka vishike umbo moja. Jiwe dogo moja kwenye nyasi laweza kuharibu yote hayo kwa sekunde.

Ndiyo maana ikazuka desturi ya majira ya baridi. Nyasi zilipoacha kuota, mashine zilipelekwa kwa watengenezaji au kwa mhunzi aliyezizoea, zikarudi kabla ya majira ya machipuko. Kampuni ya Charles H. Pugh ya Birmingham ilipoleta mashine ya petroli ya Atco mwaka 1921, ilijenga mtandao wa matawi ya huduma, kwa kuwa ilifahamu kwamba mteja asiye na mahali pa kunolea hanunui mara ya pili.

Kwa muda huo mashine zilizidi kukua. Alexander Shanks wa Arbroath, Scotland, alipata hataza ya mashine ya kukokotwa mwaka 1842, na farasi wakavishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe uwanja. Thomas Green wa Leeds aliondoa kelele za meno ya chuma kwa kutumia mnyororo mwaka 1859. James Sumner wa Lancashire alileta mashine ya mvuke mwaka 1893, na Ransomes wakauza ya petroli kuanzia 1902. Huko Marekani, John Albert Burr, mvumbuzi Mweusi wa Massachusetts, alipata hataza tarehe 9 Mei 1899 kwa mashine iliyopangwa isizibwe na nyasi zilizokatwa na iweze kukaribia ukuta. Kuziba kwa nyasi, kero aliyoishughulikia Burr, ndiko kutakakokuja kuwa chanzo cha nusu ya magonjwa ya kava.

Wote hao walibaki na silinda. Njia ya pili ilikuwa ikijulikana kwa mkono muda mrefu. Fyekeo la mtunza bustani wa Morogoro au Nakuru halina kisu cha pili cha kulisaidia. Linakata kwa sababu linakwenda kasi kuliko jani linavyoweza kuinama. Fanya kisu hicho kizunguke kwa injini, sambamba na ardhi, na hakitahitaji kukutana na kitu chochote. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni injini ndogo, nyepesi na yenye kasi ya kutosha. Miaka ya 1930 ilipoanza, injini hiyo ilikuwepo. Uingereza ikapata Rotoscythe, na karibu na mwaka 1940 Leonard Goodall wa Warrensburg, Missouri, akatengeneza mashine yake ya kisu cha kuzunguka.

Mfano uliopata umaarufu kuliko yote ni wa Australia. Mwaka 1952 Mervyn Victor Richardson wa Concord, Sydney, aliunganisha vipuri vilivyotupwa, injini ndogo ya mipigo miwili na magurudumu ya kigari cha watoto. Tangi la mafuta lilikuwa kopo tupu la matunda ya pichi. Mwanawe alikuwa akikata nyasi za watu kwa malipo, na mashine za silinda zilikuwa nzito na ghali kwa kijana wa namna hiyo. Richardson aliipa mashine jina la Victa, kutokana na jina lake la kati, na ndani ya miaka michache ikawa sauti ya Jumamosi katika vitongoji vya Australia. Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Sydney mwaka 2000, mashine za Victa ziliingizwa uwanjani kama sehemu ya onyesho la ufunguzi.

Nyasi zilizokuwa zikisubiri kisu hicho zilikuwa na undugu na Afrika Mashariki. Miongoni mwa majani sugu ya viwanja vya Australia ni kikuyu, jani linalotambaa ambalo asili yake ni nyanda za juu za Kenya na nchi jirani, na ambalo limepewa jina la Wakikuyu. Liliingizwa Australia mwaka 1919 kutoka Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Karibu na wakati huo likafika California kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za mifereji, halafu likakataa kubaki huko. Leo limeenea katika uwanja wa gofu wa Riviera jijini Los Angeles, na wachezaji wa mashindano ya US Open ya mwaka 2008 walihangaika nalo Torrey Pines, San Diego. Kikuyu hujenga zulia nene lenye mashina yaliyofumana, ambalo mashine nyepesi ya kusukuma hupanda juu yake badala ya kulikata. Kisu cha kuzunguka hulichana. Lakini hulichana kwa kishindo, na kishindo hicho hulipwa na beringi na mkanda.

Kasi hiyo ina hesabu yake. Kisu cha urefu wa sentimita 53 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia kama mita 83 kwa sekunde, sawa na kilomita 300 kwa saa. Viwango vya usalama vya Marekani vimeweka kikomo cha futi 19,000 kwa dakika kwenye ncha, yaani kama mita 96 kwa sekunde. Msumari au changarawe ikipigwa na kitu cha namna hiyo huwa risasi. Kwa hiyo kisu cha kuzunguka hakikuweza kuachwa wazi kama silinda, kilihitaji nyumba.

Nyumba hiyo, kava, ilipewa kazi tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni kumkinga mtu. Ya pili ni kuongoza hewa: ncha za kisu zimekunjwa kwa nyuma kuelekea juu kama bawa, zikizunguka huvuta hewa toka chini na kuyasimamisha majani kabla hayajakatwa. Ya tatu ni kuyatoa yaliyokatwa kupitia mdomo wa pembeni. Umbo la kava, kina chake na mikunjo ya ndani yamepangwa kwa ajili ya upepo huo. Kava lenye tundu au lililopondeka hupoteza upepo, likaacha mistari ya nyasi zisizokatwa hata kama kisu ni kipya.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilijenga miji ya nyumba zenye uwanja mbele na nyuma. Huko Levittown, katika kisiwa cha Long Island, familia za kwanza zilihamia mwaka 1947, na masharti ya nyumba yaliwataka wakate nyasi kila wiki katika msimu wa kuota. Penye uwanja mdogo, mashine ya kusukuma ilitosha. Waliokuwa na ekari nzima walitaka kukaa.

Jibu lilitoka mashambani. Mwaka huohuo wa 1947 kampuni ya International Harvester ilianza kuunda trekta dogo la Farmall Cub mjini Louisville, Kentucky. Ndugu watatu wa familia ya Wood, wa mji mdogo uitwao Oregon katika jimbo la Illinois, walikuwa wameanza kutengeneza mashine za visu vya kuzunguka za kufungwa kwenye trekta, na kampuni yao ikaja kuuza kava pana la kuning'inizwa chini ya tumbo la Cub, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Huko Warrensburg, mji uleule wa Goodall, Max Swisher naye aliingia katika biashara ya mashine za kupandwa. Mwaka 1960 International Harvester ikaleta Cub Cadet, trekta la bustani hasa, lenye nguvu farasi 7. John Deere wakafuata mwaka 1963 na modeli ya 110, nayo yenye nguvu farasi 7, kutoka kiwanda chao cha Horicon, Wisconsin.

Kuning'iniza kava chini ya tumbo kulileta tatizo la usafirishaji wa nguvu. Injini iko mbele, visu viko katikati, na kava lazima lipande na kushuka kadiri mwenye mashine anavyotaka nyasi fupi au ndefu. Meno ya chuma yasingeweza kufuata mwendo huo kwa bei nafuu. Mkanda wenye umbo la V uliweza. Mkanda wa namna hiyo, unaojibana kwenye mfereji wa puli kadiri unavyovutwa, ulibuniwa na John Gates wa Denver mwaka 1917 kwa ajili ya magari. Kwenye mashine ya nyasi ulitoka kwenye puli ya injini, ukapinda, ukazunguka puli ya kila kisu, ukapita kwenye puli ndogo ya springi inayoukaza. Kisu kikigonga kisiki, mkanda huteleza badala ya shafti ya injini kuvunjika. Mkanda ukawa sehemu inayojitoa mhanga.

Hapo ndipo ufundi ulipohamia uani. Kisu cha kuzunguka hakihitaji kipimo cha unene wa karatasi. Mwenye tupa na jiriwa anaweza kukinoa. Kava ni chuma cha kukunjwa na bolti. Mkanda una namba yake. Mambo yote yaliyomfanya Mwingereza wa mwaka 1900 aipeleke mashine kwa mhunzi yalitoweka, na mahali pake pakaja matatizo ya aina nyingine: kutu, beringi zilizokwisha, shafti zilizopinda. Hayo yalikuwa matatizo ambayo mkulima wa Iowa, aliyekwisha kutengeneza plau na jembe la kupandia, aliyajua tangu utotoni.

Kazi yenyewe, ikifanywa kwa utaratibu, huanza kwa kuvua waya wa plagi, maana mkanda ukiwa umeshika, kuzungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiamsha injini. Kisha njia ya mkanda huchorwa kwenye karatasi. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa na kiwanda imeshafutika zamani, na mkanda uliopitishwa upande usiofaa wa puli moja tu utazungusha kisu kinyume au utakatika. Pini za kuning'inizia huchomolewa, kava hushushwa chini, halafu huvutwa kutoka ubavuni.

Likipinduliwa, linachoonyesha kwanza ni nyasi za miaka mingi zilizokauka zikawa ngumu. Hukwanguliwa kwa patasi butu. Chini yake pana magamba ya kutu, kwa kuwa nyasi mbichi hushikilia unyevu juu ya chuma siku nzima baada ya kazi, na chumvi za mbolea huongeza kasi ya kutu. Fundi hupitisha nyundo ndogo kote, akigonga na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti fupi isiyo na mwangwi, na mara nyingine nyundo hupita. Kwa kawaida sehemu mbovu ni zilezile: kuzunguka viti vya shafti, ukingo wa karibu na mdomo wa kutolea nyasi, na sehemu ya juu iliyofichwa na vifuniko vya mkanda, ambako vumbi na maji hukutana bila kuonekana.

Kuchomelea kiraka ndiko kunakomtofautisha mzoefu na mwanafunzi. Chuma kilichokonda kwa kutu hakishiki. Moto hukitoboa tundu likazidi kukua. Hivyo hukatwa kwa grenda mpaka kwenye chuma kizima, hata kama tundu la sarafu litakuwa la ukubwa wa sahani ya chai. Kiraka cha milimita 3 hivi hukatwa kwa kufuata umbo la karatasi ngumu, kikabanwa mahali pake, kikashikizwa kwa nukta chache zilizo mbalimbali, kila moja ikiachwa ipoe. Haraka hapa hulipinda kava kwa joto. Kava lililopinda huzilaza shafti, na shafti zilizolala hufanya visu viwili vilivyo jirani vikate kwa vimo tofauti, uwanja ukatoka na ngazi. Wengine, palipooza kwenye kiti cha shafti, huongeza bamba la mviringo lenye matundu ya bolti yaliyotobolewa kwa kufuata ya zamani, ili uzito ugawanyike kwenye chuma kizima.

Shafti ya kisu yenyewe ni kitu cha kawaida: nyumba ya chuma, beringi mbili, na bomba fupi la kutenganisha kati yao. Bomba hilo linaonekana halina kazi, na wapo wanaolisahau mezani. Bila hilo, nati ya kisu ikikazwa hubana beringi kwa ubavu, zikafa baada ya saa chache. Kuna kanuni nyingine isiyosamehe: beringi ikiingizwa kwenye nyumba hupigwa pete ya nje, ikivishwa kwenye shafti hupigwa pete ya ndani. Anayepiga pete isiyohusika hupitisha kishindo kwenye gololi, na beringi mpya hutoka pale imeshaumia.

Kisu hunolewa ncha tu, kwa pembe ileile iliyotoka nayo kiwandani, kisha hutundikwa kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, nao hupunguzwa kwa tupa mpaka kisu kitulie. Kisu kisicho na mizani hutikisa shafti maelfu ya mara kwa dakika, na huo mtikisiko huua beringi haraka kuliko jiwe. Kikirudishwa, mabawa yake hutazama juu. Kufunga kisu kichwa chini ni kosa la kila mwanzo. Mashine hunguruma, nyasi hupigwapigwa na kubaki zimesimama zenye ncha nyeupe.

Mwisho ni kusawazisha. Magurudumu hujazwa upepo sawasawa, mashine huwekwa kwenye sakafu tambarare, na ncha za visu hupimwa kutoka sakafuni kushoto na kulia. Mbele huachwa chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6, ili kisu kikate mara moja mbele na kisisugue tena majani yaliyokwisha kukatwa kinapopita nyuma. Kwa modeli nyingi za zamani marekebisho hayo hufanywa kwa nati mbili tu kwenye vyuma vya kuning'inizia.

Mashine zilizotunzwa hivyo zilidumu kuliko waliozibuni walivyotarajia. Mwaka 1994 Alvin Straight, mzee wa miaka 73 wa Laurens, Iowa, ambaye macho yake hayakumruhusu kupata leseni ya gari, aliamua kwenda kumwona kaka yake aliyepata kiharusi huko Mount Zion, Wisconsin. Alipanda trekta la bustani la John Deere la mwaka 1966, lenye umri wa miaka 28, akakokota kitela nyuma. Safari ya takriban maili 240, karibu kilomita 390, ilimchukua kama wiki sita, pamoja na muda wa kungoja mashine itengenezwe njiani. David Lynch aliitolea filamu mwaka 1999, The Straight Story. Waingereza kwa upande wao walipata matumizi mengine: tangu mwaka 1973, katika kijiji cha Wisborough Green, Sussex, wamekuwa wakishindana mbio za mashine za nyasi za kupandwa. Sharti la kwanza la mchezo ni visu kuondolewa.

Uhai huo mrefu unategemea sana kitu kidogo kilichoandikwa kwenye kifuniko cha beringi. Shafti nyingi za visu hutumia beringi za vipimo vya kimataifa, kama 6203, 6204 au 6205. Namba mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa tundu la ndani kwa milimita: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25. Kiwanda kinaweza kufungwa, modeli ikasahaulika, lakini beringi ya 6204 bado ina milimita 20 ndani, 47 nje na unene wa 14, iwe imetoka Sweden, Japani au China. Namba hizohizo zimo kwenye pikipiki, mota za umeme na pampu za maji. Kwa hiyo fundi wa hoteli ya Mombasa au uwanja wa gofu wa Nairobi, mwenye mashine iliyoagizwa kutoka nje na ambayo wakala wake hayupo tena, huenda na beringi mkononi hadi Kirinyaga Road. Wa Dar es Salaam huenda Kariakoo. Muuzaji haulizi mashine ni ya kampuni gani. Anageuza beringi, anasoma namba.

Watengenezaji wameuona mwanya huo kwa jicho la biashara. Nyumba za shafti za zamani zilikuwa za chuma cha kalibu, zenye chuchu ya grisi. Katika mashine nyingi za bei nafuu za leo ni za alumini, beringi zimefungwa kwa maisha, na dukani huuzwa shafti nzima badala ya beringi pekee. Alumini haishiki kutu, lakini bolti ya chuma ikiharibu njia zake mara moja, nyumba yote imekwisha. Bati la kava nalo limekuwa jembamba katika mashine za nyumbani, wakati za wakataji wa kulipwa hujengwa kwa bamba nene zilizochomelewa. Mabishano kuhusu nani ana haki ya kutengeneza yamefika hata bungeni: jimbo la Colorado lilitunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2024, inayowalazimu watengenezaji wa mitambo ya kilimo kuwapa wenye mitambo vipuri, vifaa na maelekezo ya utengenezaji.

Usalama nao umeongeza kazi. Tangu mwaka 1982 mashine za kusukuma zinazouzwa Marekani hulazimika kusimamisha kisu ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mpini, na mashine za kupandwa zikawekewa swichi chini ya kiti inayokata moto mtu akinyanyuka. Swichi hiyo ikipata kutu, mashine hugoma kuwaka, na wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya. Mafundi wenye hadhi hukataa kazi ya namna hiyo.

California imezuia uuzaji wa mashine mpya za nyasi za petroli kuanzia modeli za mwaka 2024, na mashine za kupandwa zinazotumia betri zimeingia madukani kwa wingi. Katika nyingi kati ya hizo, kila kisu kina mota yake juu ya kava. Mkanda umeondoka, na puli zake zote, na ile karatasi ya kuchorea njia. Kava bado ni la chuma, bado hukusanya nyasi mbichi, na ndani ya kila mota bado mna beringi mbili. Anayelishusha kava hilo sasa hubeba mita ya umeme pamoja na patasi butu, na kabla ya yote huchomoa betri.